Taa za Hitima ya Sitara

Ijumaa, 12 Septemba

Kwako Sitara,

Leo nimemdanganya mdogo wako. Si uongo mkubwa. Uongo wa kawaida tu, wa mtu aliyebanwa.

Shadya alikuja baada ya swala ya Ijumaa na chane ya ndizi. Alianza vizuri. Akauliza afya yangu. Akauliza kama ninakula. Kisha akasema hitima yako ya mwaka, Alhamisi ijayo, isomwe kwake Ilala. Sababu? Nyumba yangu ni pango. Taa ya barazani imekufa, taa ya uani imekufa, na mara ya mwisho shoga yako Bi Salma alijikwaa kwenye karo la kuoshea vyombo akaondoka na kiatu kimoja. Kwake kuna taa kila kona. Kwake kuna jenereta.

Nikamwambia Sitara hakuishi kwenye jenereta. Aliishi hapa Kariakoo. Ukuta wa uani bado una moshi wa majiko yake. Atasomewa hapa, wanaume barazani, wanawake uani, kama tulivyowasomea wazazi wetu.

Akasema basi niite fundi.

Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka. Nikasema fundi wa nini, umeme naujua.

Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Akauliza, shemeji, tangu lini? Nikasema tangu zamani, ila dada yako alikuwa hanipi nafasi. Nisamehe hapo.

Basi tumekubaliana. Jumatano jioni anakuja kukagua. Taa zikiwaka, hitima hapa. Zisipowaka, anawapigia simu watu wote waende Ilala, na mimi nifuate na kofia yangu kama mgeni.

Umeme naujua! Mimi! Wewe ndiye uliyekuwa unapanda stuli. Balbu ikiungua uliichomoa, ukaitikisa karibu na sikio, ukasema huyu keshakwenda. Kazi yangu ilikuwa kushika stuli. Lakini niliishika vizuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Niliweka penseli sikioni. Mafundi wote wana penseli sikioni.

Muuzaji ni dada mmoja anaitwa Severa, mtu wa Songea, anatafuna karanga. Nikasema nataka swichi. Akauliza swichi gani. Nikasema nzuri. Akaacha kutafuna. Akaomba namba ya fundi wangu waongee wenyewe. Nikasema fundi ndiye huyu unayemwona. Akasema haya, fundi, karibu. Mwenzake akainama chini ya kaunta kama ameangusha kitu. Hakuwa ameangusha kitu.

Akanimwagia swichi mezani. Nyingi zilikuwa na skrubu mbili kwa nyuma. Moja ilikuwa na tatu. Nikatafakari. Umeme unaingia kwa waya mmoja. Taa ni mbili. Moja na mbili, tatu! Sitara, nilisikia fahari mpaka magotini. Nikasema nipe hiyo.

Severa akasema hiyo ni ya kwenye ngazi za ghorofa, na hufungwa mbili zinazosaidiana, moja chini, moja juu. Nikamweleza kwamba nyumba yangu haina ngazi, kwa hiyo moja inatosha. Akasema sawa mzee wangu, nyumba ni yako. Nilipenda heshima yake.

Nimenunua pia waya, tepu, balbu na holda za kuzishikia, na testa. Testa ni bisibisi yenye kitaa ndani. Ukiigusisha penye umeme, kitaa kinawaka. Nilirudi kwa njia ya Msimbazi nimeichomeka mfuko wa shati, ionekane.

Jioni nimepima kila kitu. Soketi: inawaka. Pasi: haiwaki. Kabati: haliwaki. Kasmir, mpangaji wetu wa chumba cha kushoto, ambaye bado anauza viatu vya mtumba Mchikichini: hawaki pia, na ameniomba nisirudie.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeanza masomo. Mwalimu ni kijana mmoja wa video za kwenye simu. Ana ovaroli safi kuliko kanzu yangu ya Idi.

Somo la kwanza: zima mein swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, kabla ya kugusa chochote. Nimelielewa. Somo la pili: rangi za waya. Nimelielewa, isipokuwa kijani. Somo la tatu: swichi ya skrubu tatu. Ileile yangu! Nikakaa vizuri. Mwalimu akasogea karibu na kamera, akasema kosa moja ambalo watu wengi hulifanya kwenye swichi hii ni

Bando la simu likaisha.

Nikaona si neno. Mimi si watu wengi.

Kasmir alikuwa amesimama nyuma yangu na kiatu cha raba mkononi. Akasema kwao Nachingwea aliwahi kumsaidia mjomba wake kufunga taa za kanisa. Nikauliza zinawaka mpaka leo? Akasema siku hizi wanasalia jengo jingine. Sikumchimba zaidi. Alijitolea kunisaidia, nikakataa kwa upole. Shadya akisikia nimeshikiwa waya na muuza viatu, atasema nimeshindwa.

Kasmir akasema basi, baba mwenye nyumba, ukiungua niite.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku mbaya.

Nilipanda darini asubuhi. Panya wamekula waya wa zamani wote. Imebaki shaba tupu, kama miiba ya samaki sahanini. Nilizima mein swichi kwanza, kama nilivyofundishwa. Sikumwambia mtu. Kuwaambia watu hakukuwa kwenye somo.

Kasmir alikuwa chumbani anakausha raba kwa feni. Feni ikasimama. Akadhani uniti za umeme zimekwisha. Akatoka, akakuta uniti zipo, akaiona mein swichi imezimwa. Akafikiri ni watoto wa jirani. Akaiwasha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika waya kwa vidole viwili na mwingine kwa meno.

Siwezi kueleza vizuri. Ni kama kupigwa kofi na mtu aliye ndani yako. Niliruka. Dari yetu si ya kurukia. Mguu wangu wa kulia ukatokeza chumbani kwa Kasmir, na kandambili ikamwangukia kwenye ugali.

Kisha nikamsikia chini yangu akisema, "Mzee Bushiri, hodi huwa inapigwa mlangoni."

Maumivu mawili kwa mpigo, Sitara! Ya mguu na ya meno. Nimekunywa chai ya tangawizi. Kasmir ndiye aliyeipika. Hakucheka mpaka alipofika jikoni.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeziba tundu la dari kwa boksi la viatu. Linasomeka namba arobaini na mbili. Kasmir anasema akilala anajiona yuko dukani.

Mchana nilikuwa natafuta skrubu, nikafungua droo yako ya chini. Maboksi matupu ya balbu. Ndani ya kila moja, vifungo. Vyeupe peke yake, vyeusi peke yake, na boksi moja la vifungo vya nguo zangu tu, hata vya mashati ambayo hayapo tena. Nikakaa kitini kidogo. Halafu nikakaa kidogo tena. Kazi ilichelewa.

Jioni nimeuvuta waya mmoja mpaka barazani na mwingine mpaka uani. Swichi nimeifunga ukutani katikati ya korido, palepale pa zamani. Skrubu ya katikati, umeme unaoingia. Ya kushoto, baraza. Ya kulia, ua. Imekaa upande kidogo, lakini ukiinamisha kichwa imenyooka.

Sikuijaribu. Kesho.

Jumatano, 17 Septemba

USHINDI!

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Alasiri niliwasha mein swichi kwa ncha ya fagio. Hakuna kilicholipuka. Nikaingia korido, nikabonyeza. Nikakimbia barazani. Inawaka! Nikampungia mkono jirani wa mbele, ambaye ana taa za rangi tangu Idi na hujifanya hatuoni. Nikarudi ndani. Kasmir alikuwa ndiyo anaingia chumbani kwake. Nikapita mbio mpaka uani, nikasukuma mlango. Inawaka!

Nikarudi nikimwita Kasmir aje kuona. Akasema aone nini, ameikuta taa ya mbele inawaka mchana kweupe na amekwisha kuizima, uniti ni za wote. Nikamwambia hajazima kitu, mimi nimetoka uani sasa hivi, panawaka. Akasema amezima. Nikasema hajazima. Mtu mzima, mwongo namna ile! Nimemsamehe kwa ajili ya chai ya juzi.

Shadya alifika jua linashuka. Alipita mlango wa nyuma bila kubisha, apate kunifuma. Akaikuta taa ya uani inawaka. Akaitazama muda mrefu. Akagusa ukuta, akagusa waya kwa ncha ya mwavuli. Akapita korido na, kwa mazoea yenu ninyi watoto wa nyumba hii, mkono wake ukaenda kwenye swichi akazima. Akatokea barazani nilipokuwa namsubiri.

Ya barazani inawaka.

Akauliza mbona hii haijazima. Nikamwambia za kisasa ndivyo zilivyo, zinachelewa kidogo kwa ajili ya usalama. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Alipogeuka nikaingia ndani nikabonyeza mwenyewe. Ya barazani ikazima pale pale. Nilijua! Ni kidole chake tu.

Akakubali, Sitara. Alikubali kama mtu anayemeza kidonge bila maji, lakini alikubali. Pilau litapikwa hapa. Yeye ndiye msimamizi wa uani.

Balbu nimezichomoa zisiibiwe, nitazirudisha kesho alasiri. Ya uani niliikuta inawaka, nikaungua vidole. Kasmir tena! Nimemsema mlangoni kwake. Amejibu kwamba leo hajagusa tena ukuta wowote wa nyumba hii, na kwamba anafikiria kuhamia Buguruni.

Ijumaa, 19 Septemba

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo asubuhi, chai iko mezani.

Walikuja wengi. Mikeka ilijaa barazani mpaka kwenye kibaraza cha jirani. Sheikh Abdulmalik alileta juzuu zake, akaanza kuzigawa. Uani wanawake walikuwa wameshateleka masufuria matatu, na sauti ya Shadya ilikuwa juu ya sauti zote. Maghribi ikaswaliwa. Giza likaanza kuingia. Nikaenda kwenye swichi, nimevaa kanzu, nimetia udi. Nikabonyeza.

Baraza likawa jeupe. Wazee wakasema mashaallah. Mmoja akauliza fundi nani. Nikasimama mlangoni, nikajishika mikono nyuma.

Ndipo nikasikia kelele za uani. Mfuniko umeanguka. Mtu amekanyaga mtu. Bi Salma anauliza kwa sauti kama safari hii anaacha na kiatu cha pili.

Nikakimbia. Uani kiza! Nikarudi kwenye swichi nikabonyeza kwa nguvu. Wanawake wakasema alhamdulillahi. Wanaume wakasema aaa! Nikabonyeza tena. Wanaume alhamdulillahi, wanawake aaa! Nikabonyeza taratibu, nikabonyeza haraka, nikabonyeza nikiwa nimefumba macho. Hakuna.

Kasmir alikuwa amesimama koridoni na kreti la soda. Alitazama kidole changu, akatazama mbele, akatazama nyuma. Akaliweka kreti chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee Bushiri, hii swichi yako inagawa. Ukiwapa hawa, unawanyima wale."

Yote yakanijia kwa pamoja. Kasmir alizima kweli ya mbele, na ile ya nyuma ikawaka. Shadya alizima kweli ya nyuma. Balbu iliyoniunguza, ni mimi mwenyewe niliyeiwasha. Nilikuwa nimezipima taa zangu mchana kutwa na sikuwahi hata mara moja kuziona zikiwaka zote.

Wengine walitoa tochi za simu. Lakini wazee wenzangu macho yamekwisha, na mkono mmoja ukishika juzuu na mwingine simu, hakuna wa kufungua ukurasa. Kwenye mlango wa uani Shadya akatokea. Mkono mmoja una mwiko, mwingine una simu. Nikaitazama ile simu. Nilijua anayetaka kumpigia ni mwenye gari, watu wabebwe pamoja na masufuria, waende Ilala.

Akauliza zinawaka ngapi. Nikasema moja moja. Akauliza nilikuwa najua? Nikasema sikujua. Akauliza na umeme je, naujua? Nikasema siujui, Shadya. Nilitaka tu asomewe hapa.

Huko nyuma yake kizani Bi Salma akapaza sauti, "Nyie wanaume, zamu yenu haiishi? Nyama inashika chini huku!" Na Sheikh Abdulmalik, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitania, akajibu kutoka barazani kwamba wavumilie, aya ni ndefu kuliko nyama. Wanawake wakaangua kicheko. Wanaume wakadakia. Kicheko kiliingia kwa milango yote miwili kikakutana pale koridoni tulipo. Mwaka mzima korido hii haijasikia hivyo. Shadya alijizuia. Alishika mdomo kwa ule mkono wenye mwiko, akajipaka mchuzi, ndipo akashindwa.

Alipomaliza kufuta macho, akaitia simu mfukoni. Akausukuma mkono wangu kutoka kwenye swichi.

"Nenda kasome, shemeji. Mkeo anasomewa na wewe umesimama hapa kama trafiki. Nitashika mimi."

Nikaenda. Nikapata nafasi ukingoni mwa mkeka, na juzuu yangu. Sisomi haraka, unanijua. Shadya alikuwa anapiga kelele kabla ya kubonyeza, zamu ya mbele! zamu ya nyuma! na Kasmir anazipeleka habari huku na huko, nyama imegeuzwa, rudisheni. Sheikh amefika mwisho wa ukurasa, chukueni.

Kuna wakati taa ilinizimikia katikati ya mstari. Nikaacha kidole pale nilipofika. Wanaume wote tulikuwa tunasubiri. Chini ya mlango wa korido niliona mstari wa mwanga, na nyuma yake sauti za wanawake na sahani. Uani kwako. Nikasema moyoni, mwanga haujapotea, uko kwa Sitara, atauleta. Sikuona vibaya kusubiri. Uliporudi, kidole kilikuwa palepale.

Hitima ilitimia. Dua ikasomwa, mlango wa korido wazi, taa ikiwa uani ili wanawake wasipakue kwa kupapasa, na sisi tukaitikia amina gizani. Watu walikula. Shadya alikula pilau lake amesimama, sahani mkono mmoja, kidole kwenye swichi.

Wakati wa kuondoka aliniambia hitima ya mwakani ni hapahapa, ameshawatangazia wenzake. Kwa sharti moja tu: fundi. Fundi wa kweli, mwenye cheti. Nikaapa.

Jumapili, 21 Septemba

Nimetimiza ahadi. Fundi alikuja jana, Kasmir ndiye aliyemleta. Mtu mfupi, hana penseli sikioni. Ajabu. Alifungua swichi yangu, akauliza nani alifanya kazi hii. Kasmir akasema mafundi wa zamani. Hapo nimempenda. Sasa taa zote mbili zinawaka pamoja na zinazima pamoja, na fundi ameniambia, mbele ya shahidi, nisiguse tena waya wa nyumba hii mpaka kufa.

Nimekubali. Sitaugusa. Wa nyumba hii.

Lakini Sitara, nilikaa karibu yake muda wote alipokuwa anafanya kazi, na kwa kweli hakuna kitu pale. Ni kuangalia tu! Nimejiuliza, mtu kama Shadya, aliyesimama usiku ule kwa ajili yetu, anastahili shukrani gani? Na nimekumbuka kwamba mlango wake wa Ilala hauna kengele. Watu wanagonga mpaka vidole vinauma.

Nimekwenda tena dukani. Severa aliponiona aliwaita wenzake wote waje, nadhani ni kwa heshima. Nimechagua kengele yenye sauti ya ndege. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina, ila ina picha. Ya kwanza inaonyesha mein swichi. Hiyo nimeiruka, hayo nayajua.

Kesho Shadya anakwenda Feri kununua samaki, na ufunguo wake wa akiba ninao. Akirudi atakuta kila kitu tayari. Nataka kumwona uso. Kasmir nimemwambia nakwenda kumsalimu tu. Amenitazama sana, kisha akaniuliza namba ya simu ya Shadya. Sijui ya nini.

Natoka mapema. Huko uliko, mkikaa mnawataja watu wenu, nitaje na mimi. Unikumbuke tu.

Bushiri